Nodi ikifa katikati ya mtiririko: namna ya kurudisha hali bila kupoteza wala kuhesabu mara mbili

Saa nane na dakika nne usiku, mashine moja (nodi) kati ya nane ilizimika. Juu yake ilikuwa inaendeshwa kazi ya Flink (mfumo wa kuchakata mitiririko ya data) iliyohesabu miamala ya kila akaunti kwa kila saa, kisha kuiandika hesabu hiyo kwenye hifadhidata. Zamu ilikuwa yangu. Nilipofungua kompyuta nilikuta kila kitu kijani: kazi imejianzisha upya, nodi ya akiba imeshika nafasi, mtiririko unakwenda. Nikarudi kulala. Asubuhi watu wa hesabu wakaniletea orodha ya akaunti ambazo jumla yake ya saa ile ilikuwa imezidi.

Chekipointi ya mwisho kukamilika, yaani picha ya hali ya kazi iliyohifadhiwa, ilikuwa ya saa nane kamili. Mashine ilipokufa, Flink ilifanya kazi yake sawasawa: ilirudisha hali ya saa nane kamili, ikarudisha na ofseti (alama za mahali tulipofika kusoma) za Kafka, mfumo wa foleni ya ujumbe tunaousoma, za saa nane kamili, ikaanza kusoma tena kuanzia pale. Ndani ya Flink hesabu ilikuwa sahihi hadi tukio la mwisho. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa msimbo wetu, ule wa kuandika: kwa kila tukio uliiambia hifadhidata "ongeza moja". Matukio ya dakika nne yalikuwa yameshaongezwa kabla ya mashine kufa. Yaliposomwa tena, yakaongezwa tena. Hifadhidata haikuwa na habari kwamba sisi tumerudi nyuma.

Tangu usiku ule, nikipewa kazi ya mtiririko kuikagua naanza na swali moja: nodi ikifa sasa hivi, vitu hivi vitatu vitarudi kwenye nukta ipi ya wakati? Mahali tulipofika kusoma, hali tuliyoibeba, na matokeo tuliyokwisha kuyatoa. Ofseti ikiitangulia hali, umepoteza matukio. Matokeo yakiitangulia hali, umehesabu mara mbili. Vyote vitatu vikirudi nukta moja, umepona. Mwongozo huu wote unalifuata swali hilo. Mifano mingi ni ya Flink kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku. Kafka Streams, maktaba ya Kafka ya kuchakata mitiririko, nitaigusa huko mbele.

Anza kwa kuijua hali yako

Hali ni chochote ambacho opereta (hatua moja ya uchakataji ndani ya kazi) inakikumbuka kati ya tukio moja na jingine: hesabu ya dirisha (kipande cha muda, kama saa moja) ambalo halijafungwa, orodha ya vitambulisho vilivyokwisha kuonekana, vipima muda, tukio la upande mmoja linalomsubiri mwenzake wa upande wa pili. Chukua karatasi, pitia opereta moja moja, andika: ufunguo wake ni nini, inakua kwa kasi gani, na nani anaifuta. Ukishindwa kujibu swali la mwisho, hali hiyo itakua hadi siku itakapoiangusha nodi, na siku hiyo ndiyo utakayolazimika kuirudisha yote ikiwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa. Iwekee muda wa kuisha mapema.

Katika upekuzi huo, tafuta hali iliyojificha. Niliwahi kukuta opereta ya kuondoa matukio yaliyojirudia ikiyaweka yale iliyokwisha kuyaona ndani ya HashMap ya kawaida, sehemu ya darasa la Java. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi. Flink haikujua kama ramani hiyo ipo, kwa hiyo haikuwahi kuihifadhi. Kila kazi ilipojianzisha upya, ramani ilianza tupu na marudio yakapita. Kila kinachopaswa kuishi baada ya kifo cha nodi lazima kipite kwenye aina za hali za mfumo wenyewe: ValueState, MapState, ListState na ndugu zake.

Mambo mawili yafanyike kabla kazi haijapandishwa kwenye mfumo hai, kwa sababu baadaye ni ghali. Kwanza, kila opereta yenye hali ipewe `uid` yake, yaani kitambulisho, kwa mkono. Usipoipa, Flink huikadiria kutokana na umbo la mnyororo wa kazi. Siku utakayoongeza opereta moja katikati, vitambulisho vinabadilika na hali ya zamani haimpati mwenyewe. Mfumo utakataa kuanza, na hapo kuna kishawishi kikubwa cha kuweka bendera ya `allowNonRestoredState` ili mambo yaende. Yataenda, lakini opereta hiyo itaanza bila kumbukumbu yoyote. Itumie bendera hiyo pale tu ulipoifuta opereta kwa makusudi.

Pili, weka kikomo cha juu cha usambamba (idadi ya nakala za opereta zinazofanya kazi kwa pamoja), `maxParallelism`, wewe mwenyewe. Hali yenye ufunguo hugawanywa katika mafungu, na idadi ya mafungu hayo ni hicho kikomo. Ukiacha mfumo uchague, kazi ndogo hupewa 128. Baada ya hapo huwezi kukibadilisha na bado ukaisoma hali ya zamani kwa njia ya kawaida. Chagua namba inayogawanyika vizuri kwa viwango vya usambamba unavyotarajia.

Chekipointi inavyopigwa

Watu wengi huwasha chekipointi bila kuona inavyotembea, kisha hawaelewi kwa nini inakwama. Wazo la msingi lilitolewa na Chandy na Lamport mwaka 1985: kupiga picha ya mfumo mzima uliosambaa bila kuusimamisha. Flink inatumia namna yake ya wazo hilo.

Tuchukue opereta moja yenye njia mbili za kuingilia, kushoto na kulia. JobManager, mratibu wa kazi nzima, inatangaza chekipointi namba 57. Kila chanzo kinaandika ofseti yake ya sasa, kisha kinatia alama ndani ya mtiririko, katikati ya matukio ya kawaida: hapa ndipo 57 inapoishia. Alama hiyo inasafiri na matukio, hairuki foleni. Kwenye opereta yetu, alama ya kushoto inafika mapema, baada tu ya tukio A41. Opereta inaacha kusoma kushoto. A42 na A43 zimeshafika mlangoni, lakini zinasubiri. Kulia, alama bado haijaonekana, kwa hiyo inaendelea kuchukua B17, B18, B19, mpaka alama ya 57 itokee na upande huo. Sasa inajua kwamba hali iliyonayo ina kila kilichotangulia alama, na haina chochote kilichofuata. Hapo inapiga nakala ya hali yake, inaipeleka alama mbele kwa opereta inayofuata, inafungulia A42 na A43, na nakala inapakiwa kwenye hifadhi ya mbali huku kazi ikiendelea. Opereta zote zikisharipoti kwamba zimemaliza, JobManager inatangaza 57 imekamilika. Moja isiporipoti, 57 ni kama haikuwahi kuwepo. Ukianguka utarudi 56.

Angalia jambo linalotokana na hilo. Alama inatembea na matukio, kwa hiyo mtiririko ukisongamana alama nayo inatambaa. Chekipointi iliyokuwa ikichukua sekunde 10 inachukua dakika tisa, kisha inapita kikomo cha dakika 10 ambacho ndicho cha kawaida, inatupwa. Na msongamano huja wakati wa mzigo mkubwa, wakati ule ule ambao nodi huelekea kufa. Ndiyo maana kengele yangu ya kwanza kabisa iko kwenye umri wa chekipointi ya mwisho iliyokamilika. Ukivuka mara tatu ya kipindi cha kawaida, simu inalia. Kazi inaweza kuwa kijani na chekipointi ya mwisho ikawa ya jana.

Tangu Flink 1.11 kuna chekipointi zisizosubiri mpangilio: alama inaruhusiwa kuruka foleni, na matukio yaliyokuwa kwenye foleni yanahifadhiwa kama sehemu ya picha. Zinasaidia sana pale msongamano ni wa kupita. Gharama yake ni picha kubwa zaidi na kazi zaidi ya kuandika. Opereta iliyo polepole itabaki polepole, kwa hiyo ukiziwasha bado una deni la kutafuta kinachoichelewesha.

Mipangilio ninayoanza nayo

Majina ya baadhi ya funguo yamebadilika kati ya matoleo, hivyo linganisha na toleo lako:

```
execution.checkpointing.interval: 60s
execution.checkpointing.min-pause: 30s
execution.checkpointing.timeout: 10min
execution.checkpointing.tolerable-failed-checkpoints: 3
execution.checkpointing.externalized-checkpoint-retention: RETAIN_ON_CANCELLATION
state.checkpoints.num-retained: 3
state.checkpoints.dir: s3://ndoo-yako/chekipointi
state.backend.local-recovery: true
```

`min-pause` inahakikisha kwamba baada ya chekipointi moja kuisha kuna nafasi ya kupumua kabla ya nyingine kuanza. Bila hiyo, chekipointi zikiwa nzito mfumo unashinda ukipiga picha tu. `RETAIN_ON_CANCELLATION` inazuia picha kufutwa mtu anaposimamisha kazi kwa mkono. `num-retained` kwa kawaida ni 1, nami sipendi kusimama juu ya ngazi yenye kidato kimoja.

Mahali pa kuhifadhi ndipo watu huumia. Njia ya diski ya ndani itafanya kazi kwenye mashine yako ya majaribio, kwa sababu nodi zote ni mashine moja. Kwenye klasta (kundi la mashine), nakala inakufa pamoja na nodi iliyoihifadhi. Tumia hifadhi inayofikiwa na nodi zote: S3, HDFS au ya aina hiyo.

Na hapa nina onyo ninalolitoa kwa uchungu. Tukitumia RocksDB (hifadhi ya hali inayokaa kwenye diski ya nodi) na chekipointi za nyongeza, kila picha mpya hupakia mafaili mapya tu na kuyarejea yale ya zamani ambayo hayajabadilika. Yaani picha ya leo inaweza kulitegemea faili lililopakiwa mwezi uliopita. Mahali fulani nilipofanya kazi, mtu mwenye nia njema alikuwa ameweka kanuni ya kufuta kila faili lililozidi siku saba kwenye ndoo ile ya S3 tulimoweka chekipointi, ili kupunguza gharama. Kazi iliendelea vizuri kwa sababu hakuna aliyekuwa akiyasoma mafaili hayo. Nodi ilipoanguka na tukaomba hali yetu, vipande vyake vya msingi havikuwepo. Tulijenga hali upya kwa kusoma Kafka tangu mwanzo, na tulifaulu kwa sababu tu topiki ile (mkondo wa ujumbe ndani ya Kafka) ilikuwa imewekewa muda mrefu wa kutunza. Kafka hutunza kwa siku saba usipoiambia vingine. Kwa hiyo kagua leo: je, kuna kanuni ya kufuta kwa tarehe kwenye hifadhi ya chekipointi? Iondoe. Na muda wa kutunza wa topiki zako uzidi muda mrefu zaidi unaoweza kukaa umeanguka, ukijumlisha siku za mapumziko ambazo hakuna mtu mezani.

Kupona kunachukua muda gani? Kokotoa

Muda wa kupona una vipande vinne: kugundua kifo, kuanzisha kazi upya, kurudisha hali, na kulipa deni la matukio yaliyorundikana. Cha nne ndicho kinachosahaulika, na mara nyingi ndicho kirefu kuliko vyote.

Kugundua: TaskManager (programu inayoendesha kazi kwenye kila nodi) na JobManager hupeana mapigo ya moyo kila sekunde 10, na kimya cha sekunde 50 huhesabiwa kifo. Programu ikiuawa na mashine ikabaki hai, muunganisho hukatika na habari hufika mapema. Mashine ikikatika umeme, au mtandao ukimeza pakiti, utangoja sekunde 50 zote. Unaweza kuzipunguza, lakini kumbuka kuwa Java ikisimama kwa muda kusafisha memori itaonekana imekufa. Sijawahi kushuka chini ya 20.

Sasa hesabu. Matukio 20,000 yanaingia kila sekunde. Uwezo wa kazi ni 30,000. Chekipointi ni kila dakika tano, na nodi inakufa sekunde chache kabla ya inayofuata kukamilika. Unarudi nyuma sekunde 300, unapoteza 50 za kugundua, na 70 za kuanzisha na kurudisha hali. Jumla 420, yaani matukio 8,400,000 ya deni. Wakati unalipa, mapya yanaendelea kuingia, kwa hiyo unalipa kwa ziada tu, 10,000 kwa sekunde: sekunde 840, dakika 14. Ukipunguza kipindi cha chekipointi hadi dakika moja, deni ni la sekunde 180, na unalimaliza kwa dakika sita.

Lakini badilisha uwezo. Kazi ambayo uwezo wake ni 22,000, deni lile lile la mwanzo italilipa kwa sekunde 4,200, saa moja na dakika kumi. Na kama kati ya nodi nane moja imekufa na haina mbadala, uwezo wa 30,000 unakuwa 26,250. Dakika 14 zinakuwa zaidi ya 22. Ukitaka kupona haraka, nunua ziada ya uwezo kabla ya kuhangaika na kipindi cha chekipointi.

Ule mstari wa `local-recovery` unasaidia kipande cha tatu. Kazi yenye kugawa kwa ufunguo huunganisha opereta zake zote, hivyo nodi moja ikifa kazi nzima hurudi nyuma, hata zile saba zilizo hai. Bila nakala ya ndani, zote nane huenda kuvuta hali yake hifadhi ya mbali kwa pamoja. Ukiwa na nakala ya ndani, saba husoma diskini kwake na moja tu ndiyo huvuta.

Matokeo: hapa ndipo nilipoanguka

Ahadi ya "mara moja tu kamili" (exactly-once) inayotolewa na mifumo kama Flink ni ahadi juu ya hali ya ndani. Tukio linaweza kuchakatwa mara mbili au tatu, ila athari yake kwenye hali inahesabika mara moja. Kilichokwisha kutoka nje hakirudi chenyewe. Una njia mbili za kweli.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendekeza kila inapowezekana, ni kuandika kwa namna inayostahimili kurudiwa. Badala ya kuiambia hifadhidata "ongeza moja", iambie "akaunti hii, saa hii, jumla ni 37". Ufunguo wa safu uwe akaunti pamoja na mwanzo wa dirisha, na kuandika kuwe kwa kubadilisha kilichopo. Ikiandikwa mara tano, inabaki 37. Baada ya usiku ule, mabadiliko yetu yalikuwa mistari kumi na moja. Angalia tu kwamba baada ya kurudi nyuma msomaji anaweza kuona 37 ikishuka kuwa 31 kwa muda kisha ipande tena. Kama kuna mtu anachukua hatua kwa kila badiliko, toa jumla mara moja dirisha linapofungwa.

Ya pili ni muamala wa hatua mbili. Mwandishi wa Kafka wa Flink anafungua muamala, anaandika ndani yake, chekipointi inapopigwa anauandaa, na chekipointi ikikamilika anauthibitisha. Inafanya kazi vizuri, kwa masharti ambayo lazima uyatimize mwenyewe. Wasomaji wa topiki hiyo wawekewe `isolation.level=read_committed`, maana bila kuambiwa Kafka huwaonyesha hata yasiyothibitishwa. Matokeo yatachelewa kwa kipindi kimoja cha chekipointi, kwa sababu hayaonekani kabla ya uthibitisho. Na muda wa kuisha wa muamala uzidi muda mrefu zaidi ambao kazi inaweza kuwa chini. Kikomo cha kawaida upande wa broka (seva ya Kafka), `transaction.max.timeout.ms`, ni dakika 15. Fikiria: chekipointi imekamilika, nodi imekufa kabla ya kuthibitisha, nawe umechukua dakika 20 kuinua klasta. Broka imeshaufuta muamala ule. Flink inarudi ikiamini kuwa matokeo hayo yametoka, na hayasomi tena. Yamepotea. Pandisha kikomo hicho pande zote mbili, broka na mwandishi, kabla ya siku ya tatizo.

Kuhusu barua pepe, ujumbe mfupi, au wito wa kulipa kwenye mfumo wa nje: mpe mpokeaji kitambulisho kisichobadilika kinachotokana na tukio lenyewe, ili akatae marudio. Kitambulisho cha nasibu kinachozaliwa wakati wa kutuma hakifai, kwa sababu baada ya kurudi nyuma kitazaliwa kingine.

Kifo kinachojirudia

Kabla ya kusema "nodi imekufa", uliza kama imeuawa. Kontena likitoka na namba 137, lilipigwa ishara ya 9, ile ya kuua papo hapo, na mara nyingi muuaji ni mfumo wa uendeshaji kwa sababu memori ilizidi. RocksDB hutumia memori iliyo nje ya ile ya Java, kwa hiyo chati ya memori ya Java itakuwa imetulia kabisa. Kuianzisha upya hakutibu. Baada ya nusu saa itauawa tena.

Kuna pia tukio lenye sumu: ujumbe mmoja ulioharibika unaotupa kosa lisiloshikwa. Kazi inaanguka, inarudi kwenye chekipointi, inasoma ujumbe ule ule, inaanguka. Dalili yake ni kwamba kila anguko linatokea kwenye patisheni (fungu la topiki) ile ile na ofseti ile ile. Shika makosa ya kusoma ujumbe, peleka ujumbe mbovu kwenye topiki ya kando, endelea. Na mkakati wa kuanzisha upya uwe ule wa kuongeza muda wa kusubiri kila anguko, `exponential-delay`, ili usiishambulie hifadhi ya mbali kwa kurudisha hali kila sekunde chache.

JobManager nayo hufa. Bila mpangilio wa upatikanaji wa juu, kupitia ZooKeeper au Kubernetes, ikifa haina njia ya kukumbuka chekipointi ipi ilikuwa ya mwisho, hata kama mafaili yote yako salama.

Halafu vipima muda. Vile vinavyofuata saa ya ukutani, ambavyo muda wake ulipita kazi ikiwa chini, hulia vyote mara moja kazi inaporudi. Kazi yetu moja ilikuwa ikitoa onyo kifaa kikinyamaza dakika tano. Baada ya dakika ishirini za kuanguka ikatoa onyo kwa karibu kila kifaa, na vyote vilikuwa vizima, ujumbe wao ukiwa umekaa Kafka ukingoja kusomwa. Tulihamia vipima muda vinavyofuata muda wa tukio, ule ulioandikwa ndani ya tukio lenyewe, na tatizo likaisha.

Kwa mtumiaji wa Kafka Streams

Wazo ni lile lile, vyombo tofauti. Hali iko RocksDB kwenye diski ya nodi, na kila badiliko linaandikwa pia kwenye topiki ya mabadiliko. Nodi ikifa, anayerithi patisheni zake anaisoma topiki hiyo na kuijenga hali upya, jambo linaloweza kuchukua muda mrefu hali ikiwa kubwa. Kwa hiyo weka `num.standby.replicas` kuwa 1. Kwa kawaida ni 0. Hamisha `state.dir` kutoka kwenye folda ya muda ya mfumo kwenda kwenye diski inayodumu. Ipe kila nakala ya programu `group.instance.id` isiyobadilika, ili kuanzishwa upya kwa muda mfupi kusisababishe mgawanyo mpya wa kazi. Na washa `exactly_once_v2`, ambayo inaweka ofseti, topiki ya mabadiliko na matokeo ndani ya muamala mmoja.

Iue mwenyewe, mchana

Zoezi langu ni hili, nami sipitishi kazi ambayo haijalipita. Kwenye klasta ya majaribio, tengeneza topiki yenye matukio yaliyobeba namba 1 hadi 1,000,000, kila moja mara moja. Kazi ihesabu idadi na jumla, kupitia opereta zile zile na mwandishi yule yule wa mfumo hai. Jibu sahihi ni idadi 1,000,000 na jumla 500,000,500,000. Weka zote mbili, maana idadi peke yake inaweza kudanganya pale tukio moja limepotea na jingine limejirudia.

Endesha, na katikati ya safari piga `kill -9` kwenye TaskManager moja. Angalia idadi na jumla. Kisha rudia, safari hii ukiua wakati chekipointi inaendelea. Kisha ua nodi ya pili wakati ya kwanza bado inarudisha hali. Kisha ua JobManager. Kisha usiue chochote: zuia tu mtandao wa nodi moja kwa dakika mbili kwa kanuni ya ukuta wa moto, halafu uufungue. Hili la mwisho ndilo limenifundisha zaidi, kwa sababu nodi iliyotengwa haijui kwamba imetangazwa kufa. Inaendelea kufanya kazi, na ikirudi inaweza kujaribu kuandika ilhali mrithi wake ameshaanza. Kwa muamala wa Kafka, mwandishi wa zamani anakataliwa kwa sababu namba yake ya zama imepitwa. Kwa hifadhidata ya kawaida hakuna anayemkataa, isipokuwa wewe umeweka namba ya toleo kwenye kila safu na sharti la kutokubali toleo dogo kuliko lililopo.

Kila mara andika dakika ngapi zilipita tangu kuua hadi deni kwisha, na ulinganishe na hesabu uliyoifanya juu. Zikipishana sana, kuna kipande cha muda ambacho hujakiona bado. Kwangu mara ya kwanza kilikuwa kontena jipya kupakua picha yake kwa dakika tatu kabla hata ya kuanza kuuliza hali iko wapi.